Samli ya Mzee Rutaro

Kakiika, Mbarara
Jumanne, 4 Machi 2025

Yaya Chantal, dada yangu mpendwa,

Yambo, na yambo tena. Thaddée wa lori la maharage amekubali kuwa posta yetu, maana simu yako umempa Divine aende nayo shuleni, na ile ya mume wako, Shemeji Ladislas, haisikiki mpaka mtu apande kilima. Si kitu. Kwenye simu huwa unanikatiza. Leo utanisoma hadi mwisho.

Kaa chini kwanza. Umekaa? Mkuu wa kituo chetu cha maziwa amepata kazi Kampala, na bosi ameniweka mimi kwenye kiti chake. Mimi, Pascaline! Miaka yote hii nimekuwa naosha bidoni za maziwa za wafugaji pale nyuma, mikono ikichubuka kwa sabuni, na sasa ni mimi ninayesimama mbele asubuhi, wafugaji wakipanga foleni, nikisema maziwa haya yapite, haya yarudi.

Nilicheka siku moja tu, Yaya. Jana nimeingia nikawakuta wenzangu wanacheka, waliponiona wakanyamaza kana kwamba ameingia polisi. Unamkumbuka Bella, yule Mrundi ninayepanga naye chumba? Tumeosha bidoni kwenye sinki moja, tunakula sahani moja, nguo zangu nusu ni zake. Nilimwambia asugue bidoni moja upya, akanijibu, "Ndiyo, shefu." Sikujua kama ananitania au amekasirika. Na Gradi, kijana wa kipimo cha maziwa, kila ninachomwambia ananiuliza kama bosi anajua.

Bosi amesema ananitazama mpaka mwisho wa mwezi huu. Nikishindwa, narudi kwenye sinki au narudi huko kambini Nakivale kungoja mgao wa wakimbizi.

Wewe umeongoza kwaya pale kanisani tangu Divine akiwa mgongoni. Ukiinua kidole tu watu wananyamaza. Unafanyaje? Niambie, usinifiche kitu.

Mudogo wako,
Pascaline


Base Camp, Nakivale
Ijumaa, 7 Machi 2025

Mudogo wangu,

Nimepiga kelele mpaka majirani wamekuja kuuliza nani amekufa! Nikawaambia hajafa mtu, ni mutoto wa mama yangu amekuwa mukubwa wa maziwa yote ya Mbarara. Najua si yote. Waache waamini.

Sasa nisikilize vizuri. Hiyo sahani unayokula na Bella, iache leo hii. Ukila na mtu saa saba, saa nane utamgombeza kwa mdomo gani? Mkubwa hana rafiki kazini, ana watu wake wa kazi, basi. Asubuhi uingie umenuna. Wakikuzoea watakupanda kichwani, na mtu akishapanda kichwani hashuki kwa kuombwa.

Na kitu kingine, hiki ushike kuliko vyote. Usipokee zawadi ya mtu. Hata ndizi moja mbivu! Hao wafugaji watakuja wanakuchekea, mkononi wameshika hiki na kile, na kesho watakuletea maziwa yaliyojaa maji wakingoja unyamaze. Ukimeza cha mtu umemeza na ulimi wako. Wa kwanza atakayeleta, mukatalie mbele ya watu wote, tena kwa sauti. Hapo umemaliza kesi mia kwa siku moja.

Kwaya iko salama, tunamshukuru Mungu. Wananiogopa, na ndiyo maana wanaimba vizuri.

Usiniaibishe. Nimeshasema fasi zote kwamba wewe ni shefu.

Yaya wako,
Chantal


Kakiika
Jumanne, 11 Machi 2025

Yaya,

Aksanti, aksanti, aksanti. Dawa yako kali lakini inafanya kazi.

Sahani nimeiacha. Ninakula ofisini, mlango umefungwa. Bella hajasema neno, kwa hiyo nadhani ameelewa.

Na jana imekuja ile siku yako. Kuna mfugaji mmoja mkubwa hapa, Mzee Rutaro, alikuwa askari pale kambi ya Makenke zamani, sasa ana ng'ombe wengi, na Waganda wote wa foleni yetu humwamkia kwanza yeye kabla ya kuniamkia mimi. Ndiye huyo wa kwanza uliyemsema, Yaya! Alikuja na kibuyu kidogo kilichofunikwa kwa jani la ndizi, ndani kuna samli iliyotengenezwa na mke wake. Akaninyooshea, akasema kwa Kiswahili chake cha jeshi, "Hii ya wewe. Nasikia wewe napata kiti."

Nikasimama wima. Nikasema kwa sauti, mpaka wa mwisho kwenye foleni akasikia, "Mzee, hapa hatupokei vitu. Hapa tunapokea maziwa safi tu. Rudi nayo nyumbani."

Mzee akatazama kibuyu, akanitazama mimi, akaenda zake nacho. Gradi hakuniuliza tena kama bosi anajua.

Nimejisikia mkubwa kweli. Mwambie Shemeji, atafurahi.

Pascaline


Base Camp, Nakivale
Ijumaa, 14 Machi 2025

Shemeji Pascaline,

Ninakuandikia nikiwa nyuma ya banda la mbuzi, na dada yako anafikiri ninarekebisha mlango wa banda. Kwa hiyo nitasema haraka.

Barua yako ya Jumanne alinisomea kwa sauti, anatembea chumbani kama jenerali. Aliposoma hapo pa samli, nilishika kichwa. Yoo, Shemeji! Ninyi watu wa Baraka, kule Kongo, mmekulia mawese na ndagala za ziwani, ng'ombe mliwaona kwa mbali. Mimi nimezaliwa mlimani Burundi, nyumbani penye zizi. Samli si rushwa. Rushwa mtu huileta jioni, kwenye bahasha, akiangalia nyuma. Samli ya mke wa mtu ikiletwa asubuhi, mbele ya watu, maana yake ni kwamba huyu mgeni tumemkubali, sasa ni mtoto wa hapa. Wewe umemrudisha mzee barabarani na kibuyu mkononi, majirani wakimtazama. Afadhali ungemtukana, matusi watu husahau.

Jambo la pili ni gumu zaidi, na ukimwambia Chantal kwamba nimelisema, mimi nitahamia kwenye banda hili na mbuzi.

Kwaya haipo. Mwezi wa kwanza, siku ya mgao wa chakula, akina mama walichelewa mazoezi kwa sababu foleni ilikuwa ndefu. Dada yako aliwafungia mlango wa kanisa. Wamama wazima, na magunia yao kichwani, wakipiga hodi kama watoto wa shule. Benitha, yule wa sauti ya pili, akasema, "Twendeni kwangu." Wakaenda wote. Sasa wanaimba uani kwa Benitha, karibu kila siku, na sisi tunawasikia vizuri kabisa kutoka hapa. Chantal anafunga dirisha. Kanisani wamebaki watatu, mmoja ni mimi, na mimi siimbi, ninafungua mdomo tu.

Dada yako si mbaya, unamjua. Alikulea wewe akiwa mwenyewe bado mtoto, katika njia ile mliyokimbilia, na njia ile ilimfundisha kwamba asiyepiga kelele haponi. Mimi ninampenda hivyo hivyo. Lakini wewe usimfuate hapa. Nenda kwa yule mzee, upesi.

Ladislas


Kakiika
Jumanne, 18 Machi 2025

Shemeji Ladislas,

Barua hii nimemwambia Thaddée akupe wewe mkononi, wewe tu. Ameapa kwa mama yake.

Ulipoandika, mambo yalikuwa yameshaharibika. Siku iliyofuata ile ya samli Mzee Rutaro hakuja. Ya pili yake hawakuja majirani zake. Ijumaa foleni ilikuwa watu wachache tu, wale wa mbali wasiosikia habari, na wengine wote wanapeleka maziwa kwenye kituo kingine ng'ambo ya barabara. Wanapita hapa mbele yangu, bidoni kwenye pikipiki, hawageuzi hata shingo. Bosi alikuja akagonga tangi kwa kiganja, likalia tupu. Akasema, "Pascaline, mwezi ukiisha hali ikiwa hivi, namleta mpwa wangu akae hapa." Hakugomba. Afadhali angegomba.

Nikarudi chumbani nikalia. Bella alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia, "Niambie basi nilichokosea." Akasema, "Unaniuliza kama shefu au kama Pascaline?" Nikasema sijui. Hapo akatupa nguo chini. "Ulipopewa kiti nilifurahi kuliko wewe mwenyewe! Nilinunua soda, nikaificha chini ya kitanda tunywe wote. Halafu ukabeba sahani yako ukajifungia, kana kwamba mimi nina kifua kikuu. Na yule mzee nilikuwa nimesimama nyuma yako siku ile, nikataka kukuvuta sketi. Nikasema, shefu havutwi sketi. Nikaacha."

Shemeji, nilitamani ardhi inimeze. Yule mtu wa kuniokoa alikuwa nyuma ya mgongo wangu, na mimi mwenyewe nilikuwa nimemziba mdomo.

Jumapili tumekwenda wote wawili kwa Mzee. Mke wake alitupa maziwa, tukakaa chini, tukanywa yote, Bella ndiye aliyenionya nisiache kitu kwenye kikombe. Nikaomba msamaha. Mzee akasema, "Wewe nakataa mbele ya watu. Kama wewe nataka kupokea, tapokea mbele ya watu. Jumatatu ijayo mimi nakuja."

Njiani Bella akaniambia neno lingine. Hapa binti akipewa kitu na mzee, hupiga magoti na kushika kwa mikono miwili. Sasa ninajiuliza. Nipige magoti mbele ya Gradi? Mbele ya foleni nzima, na mimi ndiye mkuu? Nikiinuka hapo, nani atanisikia tena? Na nisipopiga, mzee atageuka, na mpwa wa bosi tayari ananyoa ndevu aje kukaa hapa.

Niombee. Ya kwaya nimeyasikia, na yameniuma sana. Sitasema.

Pascaline


Base Camp, Nakivale
Ijumaa, 21 Machi 2025

Pascaline!

Thaddée amekuja hapa kunywa chai na mdomo wake umejaa maneno. Ati umemwambia unataka kumpigia mfugaji magoti! Weye? Mutoto niliyekubeba mgongoni kutoka Baraka mpaka mpakani, magoti yangu mimi yakitoka damu ili yako yasiguse chini?

Sikubali. Omba msamaha ukiwa umesimama, kama mtu mwenye kazi yake. Ukipiga magoti siku moja mbele ya wafanyakazi, watakutafutia sababu ya kupiga tena kila wiki. Nani amekudanganya? Ni yule Bella? Nilikwambia uachane naye.

Mkubwa akishainama amekwisha. Mimi sijainama kwa mtu, na unaona ninavyoheshimiwa hapa.

Nijibu haraka. Kichwa kinaniuma tangu asubuhi, na watu wa jirani wanaimba kwa fujo.

Chantal


Kakiika
Ijumaa, 28 Machi 2025

Yaya wangu,

Barua yako imenikuta nimekwisha kupiga magoti.

Usiikunje bado. Soma.

Jumatatu Mzee Rutaro alikuja kweli, na majirani zake nyuma, wamekuja kutazama wala si kuleta maziwa. Alishika kibuyu kilekile. Nikasema moyoni, Yaya ataniua. Halafu nikashuka. Saruji ilikuwa na maji, sketi ikalowa yote. Nikanyoosha mikono miwili. Nikasema, "Mzee, siku ile nilikuwa sijui. Nimekosa mbele ya hawa wote, naomba mbele ya hawa wote." Akakiweka kibuyu mikononi mwangu, akanishika kichwa kama baba. Nilikuwa sijamkumbuka baba siku nyingi, Yaya. Nikalia pale pale, shefu mzima na kamasi! Wanawake wa foleni wakapiga vigelegele. Gradi ndiye aliyeniinua.

Jumanne foleni ilifika barabarani. Ungedhani hadithi imeisha hapo. Haikuisha.

Jumatano Gradi alitia kipimo ndani ya bidoni ya Mzee Rutaro. Unakijua, kile kijiti cha kioo kinachoelea. Kwenye maziwa mazima kinasimama juu, kwenye maziwa yenye maji kinazama. Kikazama. Akatia tena, kikazama tena. Akaja kunong'ona, "Shefu, nipitishe? Ni bidoni moja tu, tangi ni kubwa, na ni yeye." Samli ilikuwa bado juu ya rafu, nilikuwa nimeila asubuhi na viazi.

Hapo nilikusikia wewe, Yaya, kama umesimama sikioni. Ukimeza cha mtu umemeza na ulimi wako. Nikajisemea, kumbe Yaya alikuwa na haki! Foleni nzima inanitazama. Nikimrudisha, nimemwaibisha mara ya pili na hakutakuwa na ya tatu. Nikimpitisha, kesho wote wanatia maji, na Gradi anajua bei yangu.

Nikamwita Bella, nikamuuliza mbele ya Gradi, "Ungekuwa mimi ungefanya nini?" Akafikiri. Akasema, "Ningemrudishia. Lakini nisingepaza sauti kama ya siku ile." Basi nikatoka nje, nikakaa karibu na Mzee kwenye benchi, nikamwambia polepole, sikioni, "Mzee, leo maziwa yako siwezi kuyapokea. Kipimo kimezama mara mbili. Njoo uone mwenyewe."

Hakuja kuona. Alisimama, na yeye ndiye aliyepaza sauti, ile ya Makenke, "Mnasikia? Maziwa yangu nakataliwa leo!" Nikafumba macho. Akanigeukia. "Samli mimi napatia wewe. Maziwa mimi nauzia hii tangi. Wewe nafikiri mimi mzee mzima sijui hiyo vitu ni mbili?"

Akafunga bidoni yake akaenda. Maji yalitoka wapi, hakusema, na sikumuuliza. Jana alikuwa wa kwanza kwenye foleni, kipimo kikasimama vizuri. Bosi alipita, akagonga tangi, likajibu kwa sauti ya kushiba. Akasema, "Endelea." Mpwa wake atafute fasi nyingine.

Yaya, uliniambia niogope zawadi kwa sababu wanaotoa ni wajanja. Na mimi nilimtazama yule mzee kwa macho hayo, nikamwona mwizi kabla hajafungua mdomo. Hilo ndilo lililomuuma. Yeye aliujua mpaka kati ya samli na maziwa tangu mwanzo, mimi ndiye niliyekuwa siujui.

Na magoti yangu hayajavunjika. Jumanne nilimkemea Gradi kwa kuchelewa, akasema, "Samahani, shefu," na safari hii alimaanisha. Mchana tunakula wote, Bella, Gradi na mimi, na saa nane ninagomba kama kawaida.

Na wewe, Yaya? Kwaya inaendeleaje?

Mudogo wako anayekupenda,
Pascaline


Base Camp, Nakivale
Jumapili, 30 Machi 2025

Mudogo wangu,

Unaniuliza kwaya inaendeleaje, na unajua vizuri inavyoendelea. Ladislas anafikiri sijui kwamba alikuandikia. Mlango wa banda la mbuzi ameurekebisha kwa saa mbili na bado umeanguka. Usimwambie najua. Anafurahi na siri yake, maskini.

Barua yako nilikasirika nayo jana mchana kutwa. Nikaitupa, nikaiokota. Nilitaka kukuandikia kwamba wewe umebahatika tu, yule mzee ni mtu mwema, angekuwa mwingine ungeona. Nikaandika hata mistari minne. Halafu jirani wakaanza kuimba. Nikaenda kufunga dirisha, na nilipolishika nikasikia sauti ya pili inateleza pale inapotelezaga siku zote, na hakuna anayewasahihisha, na wanaendelea tu, wanacheka, wanarudia. Nilisimama pale. Pascaline, wale watu walikuwa wanacheka. Kwangu hawakucheka hata siku moja, na mimi niliita hiyo heshima.

Nikavaa kitenge nikaenda. Ladislas akauliza ninaenda wapi, nikamwambia kutafuta chumvi.

Nilipoingia uani kwa Benitha wote wakanyamaza, ule unyamavu uliouandika kwenye barua yako ya kwanza. Wengine walitazama mlango. Niliwaza, waliniogopa hivi siku zote na mimi nikalala usingizi. Sikupiga magoti, usitazamie hayo kwangu, nina miaka yangu na goti langu moja ni bovu. Lakini nilisema, "Siku ya mgao niliwafungia mlango na mizigo kichwani. Sikufanya vizuri. Sikuja kuchukua kwaya. Nimekuja kuimba, kama kuna fasi."

Hakuna aliyepiga vigelegele. Mmoja alisonya, na nilimwacha. Benitha alinitazama mpaka nikatamani kurudi kwa chumvi yangu. Akasema, "Safu ya nyuma, Mama Divine. Sauti ya pili. Na usizidi wengine."

Mimi! Sauti ya pili, mimi niliyewafundisha kutofautisha ya kwanza na ya pili!

Nikasema, "Ndiyo."

Mudogo wangu, Divine alizaliwa chini ya mti, mvua inanyesha, bila mkunga. Ile "ndiyo" ilinitoka kwa shida kuliko yeye.

Leo nimeimba nyuma. Benitha amenisahihisha mara moja, mbele ya wote, na alikuwa na haki.

Yaya wako,
Chantal